Mkaidi Kazini na Busara ya Kiongozi

Wahenga walisema, "Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi." Methali hii ni tamu midomoni mwa wasimamizi. Nasi tuliitumia sana, mpaka tulipofunzwa kwamba si kila asemaye "hapana" ni mkaidi.

Tulikuwa Bashay, wilayani Mbulu, tukisimamia ujenzi wa darasa. Fundi mwashi mmoja, mtu wa maneno machache, alikataa kuweka jiwe la kwanza. Alisema kwamba msingi haujafika kwenye udongo mgumu, na kwamba maji ya mteremkoni hayajachimbiwa mfereji. Tuliona anatuvunjia heshima mbele ya vibarua. Tukamwondoa, tukamleta mwingine aliyeitikia "ndiyo" kwa kila neno. Masika yalipokuja, ukuta ulipasuka toka dirishani hadi chini. Ikatubidi kwenda nyumbani kwa yule wa kwanza kumtaka radhi. Hakutusimanga. Aliuliza tu, "Wazee, mfereji mmekwisha kuuchimba?"

Yatupasa kuona haya kwamba tulijifunza jambo hili kwa hasara, ilhali mafunzo yake yalikuwa mbele ya macho yetu. Katika kilimo cha ujima cha Wairaqw, majirani huja na majembe yao katika shamba la mmoja wao, naye huwaandalia chakula na pombe. Mwenye shamba hawezi kuwafokea, kwa maana kesho yeye ndiye atakayeitwa kwao. Aidha, mvivu naye hana pa kujificha, kwa maana siku yake ikifika atalima peke yake. Hapo heshima na nidhamu hulala kitanda kimoja.

Taifa letu nalo lilipitia njia hiyo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Lakini haukuifuta nidhamu ya kazi. Kati ya mwaka 1971 na 1973 wafanyakazi wa viwanda kadhaa, hasa Dar es Salaam, waligoma, na mara nyingi kilichowaudhi kilikuwa ni matusi na dharau ya mameneja kuliko uchache wa mshahara. Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Kumsikiliza mfanyakazi, basi, si hisani tena, ni wajibu.

Je, kila mbishi aachwe afanye apendavyo? La, hasha. Yuko anayeitetea kazi, na yuko anayejitetea nafsi yake. Kuwatenganisha si vigumu: mwulize mbishi kazi hiyo ingefanywaje, kisha mkabidhi sehemu yake aisimamie. Wa kwanza atashika jembe. Wa pili atatafuta neno jingine la kubishia. Huyo wa pili aonywe faraghani, kisha kwa maandishi, na sheria ifuate mkondo wake. Na uamuzi ukishakatwa baada ya watu kusikilizwa, wote hawana budi kuutii, msimamizi akiwa wa kwanza.

Darasa lile lilijengwa upya, nasi tulianza kwa kuchimba mfereji. Jembe la kwanza tulilishika sisi wenyewe, na fundi wetu akituonyesha pa kuchimba.