Nyumba Isiyoijua LUKU: Barua kutoka Taos

Mdogo wangu,

Uliniuliza mambo mawili kwa pumzi moja: kama nimewahi kuziona zile nyumba za matairi ulizozitazama kwenye video, na kama ukubali fildi isiyo na posho. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nizione nyumba zenyewe. Sasa nimerudi Albuquerque, udongo bado umo kwenye kucha, na naona kwamba maswali yako mawili ni moja.

Kutoka hapa hadi Taos ni kilomita zipatazo 210, kaskazini. Barabara hufuata mto Rio Grande, halafu hupanda mpaka mita 2,100 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukiupita mji unafika kwenye daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1965, na chini yako kuna korongo ambalo mtu mwenye kizunguzungu asilichungulie. Ng'ambo ya pili hakuna tena nguzo za kuhesabu. Ni nyika tupu, vichaka vya rangi ya majivu, upepo usiochoka. Hapo ndipo zilipo nyumba zako.

Zinaitwa Earthship. Aliyezianzisha ni Michael Reynolds, msanifu majengo aliyemaliza chuo kikuu cha Cincinnati mwaka 1969 akahamia huku. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa anajenga kwa makopo ya bia, baadaye akaingia kwenye matairi. Mamlaka hazikumpenda. Alivutana nazo miaka mingi kuhusu vibali na leseni yake, mpaka mwaka 2007 jimbo la New Mexico likapitisha sheria ya kuruhusu maeneo maalumu ya kujaribia ujenzi wa namna hii. Mwaka huohuo ikatoka filamu juu yake, Garbage Warrior. Itafute, ila usiitazame usiku wa kuamkia mtihani.

Kijiji chao kiko kwenye ekari zaidi ya 600, na hakuna waya unaoingia wala bomba. Ukuta wa nyuma ni matairi yaliyopangwa kama matofali na kufukiwa kwa udongo. Upande wa mbele, unaotazama kusini, ni vioo vitupu. Huku tuko kaskazini ya ikweta, kwa hiyo jua la majira ya baridi hupita chini upande wa kusini na kuingia mpaka ndani. Ule ukuta mzito hulinyonya joto mchana, ukalitoa usiku. Wewe utakayejenga Same au Dar hesabu yako itakuwa nyingine kabisa, tafadhali usije ukanakili vioo vile ukaiva ndani.

Maji ndiyo yaliyonishika zaidi. Mvua na theluji ya hapo kwa mwaka ni kama milimita 300 tu, ukavu ambao hata Dodoma haiujui, na bado watu wanaoga. Paa hukusanya kila tone hadi kwenye matangi yaliyofukiwa. Yakichujwa, maji hayo huenda jikoni na bafuni, ya kuogea hupita kwenye bustani iliyomo ndani ya nyumba, kisha yakisafishwa na mizizi husukuma choo, na mwisho kabisa hutoka kwenda kwenye mimea ya nje. Mara nne! Kwenye bustani ile ya ndani nimeona migomba. Mwongozaji alitueleza habari za mgomba na maji ya bafuni kwa heshima kubwa, nami nikamkumbuka bibi kule Usangi, ambaye hajawahi kupanda mgomba mahali pengine isipokuwa pale maji ya bafu yanapotokea.

Sasa sikiliza habari ya ukuta, maana hapo ndipo fildi yako inapoingia.

Tairi hupatikana bure, watu wanafurahi wakiondolewa. Udongo upo hapohapo. Lakini tairi moja hula toroli tatu au zaidi za udongo, nao haushindiliki kwa mguu. Mmoja anatia kwa beleshi, mwingine anapiga kwa nyundo kubwa kuzunguka ndani ya ukingo mpaka tairi livimbe na kuwa gumu. Likishajaa huzidi kilo 130, halinyanyuliki tena, kwa hiyo hujazwa palepale litakapokaa milele. Nyumba ndogo tu hula mamia ya matairi. Piga hesabu wewe mwenyewe, umesoma makadirio ya ujenzi: vifaa karibu sifuri, kazi ya mikono haina mwisho. Ukilipa mafundi kwa mshahara wa Marekani, nyumba ya takataka inageuka kuwa nyumba ya tajiri. Usipowalipa, lazima utafute watu watakaokuja kupiga nyundo kwa sababu nyingine.

Na watu wanakuja. Kampuni ya Reynolds ina chuo chake, mwanafunzi hulipa ada na kujenga ni sehemu ya masomo. Anayelipa anajua anachonunua, sina neno nao. Ninaousema ni ulimwengu mzima wa maisha haya ya kujitegemea, ulioenea kutoka huku hadi Ulaya: mashamba, nyumba za udongo, vituo vya sola, ambavyo kila kiangazi huchukua wanafunzi kwa mapatano ya hema, maharage na "uzoefu". Shamba moja nililolala, ambalo silitaji, lilikuwa na vijana wa vyuo wakichota mbolea kuanzia alfajiri. Walikuwa wachangamfu, nikawapenda. Binti mmoja alinionesha kwa fahari jinsi ya kusoma chaji ya betri na kukokotoa ni siku ngapi za mawingu zinavumilika. Amejifunza kweli. Jioni tulipokaa nje niliuliza, kishangazi-shangazi, nani anamlipia bima ya afya na simu. Baba. Wa pili? Mama. Kila niliyemuuliza alikuwa na mtu nyuma yake mwenye kadi ya benki. Waliokosa mtu wa namna hiyo hawakuwa pale kuulizwa. Walikuwa mjini wakiuza baga ili walipe karo.

Wenzetu huku wamelipeleka jambo hili hadi mahakamani. Sheria yao ya mishahara ni ya 1938, na mwaka 1947 Mahakama ya Juu ilisema watu waliokuwa wakifunzwa kazi ya reli hawakuwa wafanyakazi, basi hawakudai ujira. Mlango ukabaki wazi hapo. Kisha vijana waliotumikishwa bure kwenye utengenezaji wa filamu ya Black Swan wakaishitaki kampuni ya Fox Searchlight. Mwaka 2013 jaji aliwapa haki, mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikatengua na kuweka kipimo kipya: kati ya mwanafunzi na mwajiri, nani ananufaika zaidi? Tangu 2018 wizara ya kazi inatumia kipimo hicho, chenye vigezo saba. Kimoja kinauliza kama kazi ya mwanafunzi inaikamilisha kazi ya walioajiriwa au inawatoa kwenye nafasi zao. Hata Ikulu ya Marekani yenyewe ilianza kuwalipa wanafunzi wake wa mafunzo mwaka 2022 tu. Kwa hiyo usidhani anayetaka kazi ya bure ni yule bosi wako wa Mikocheni peke yake.

Niseme pia kitu ambacho video hazikuonesha. Kwenye nyika hiyohiyo ya Taos kuna watu wanaoishi bila umeme wa gridi na hawana bustani ya migomba. Wana karavani kuukuu na tangi la plastiki nyuma ya pikapu, wanafuata maji mjini. Magharibi zaidi, kwenye ardhi ya Wanavaho, kuna maelfu ya nyumba ambazo umeme na bomba havijawahi kuzifikia, na wenyewe hawakuchagua. Hakuna mwanafunzi anayeandika insha ya kuomba nafasi ya kwenda kuishi hivyo kiangazi kizima. Mtu akikwambia maisha nje ya gridi ni uhuru, mwulize kwa upole kama anaweza kurudi kwenye gridi akitaka.

Halafu nikaenda Ranchos de Taos, kusini kidogo ya mji, kwenye kanisa la San Francisco de Asís. Kama mwalimu wako wa historia ya usanifu ni mzuri atakuwa amewaonesha picha zake, maana Georgia O'Keeffe amelichora na Ansel Adams amelipiga picha. Ni kanisa la tofali za udongo, nene, lisilo na kona kali hata moja. Mwaka 1967 walilipaka saruji wakidhani wamelimaliza tatizo. Unyevu ukanaswa ndani, udongo ukaanza kuoza chini ya ganda, na mwaka 1979 wakaamua kuibandua saruji yote na kurudi kwenye lipu ya udongo. (Mji Mkongwe, Zanzibar, kuna kuta za mawe na chokaa zinazokufa kwa ugonjwa huohuo wa saruji. Hilo ni somo la fildi tosha.)

Gharama yake ni kwamba udongo huo lazima usiribwe upya, na waumini hufanya hivyo kila Juni. Nilifika katikati ya kazi. Wazee, watoto, wanaume waliochukua likizo, wote matope hadi viwikoni: udongo, mchanga, majani makavu, maji. Nikapewa ndoo kabla sijaulizwa jina. Hakuna anayelipwa, na hakuna aliyenitajia uzoefu. Mama mmoja aliyekuwa akilainisha ukuta kwa kiganja alinirudisha nyuma mara mbili kwa sababu mchanganyiko wangu ulikuwa majimaji. Ni haki yake. Kanisa ni lake, ufa ukitokea ni wake.

Nilikuwa nikifikiri juu ya ndiva za kwetu, yale mabwawa ya kumwagilia. Unakumbuka babu alivyosimulia msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji? Nayo ilikuwa kazi ya bure, tena asiyefika alitozwa faini. Lakini aliyefika zamu yake ya maji ilikuwepo, mwaka huo na mwaka uliofuata. Kazi ya bure haijanisumbua kamwe mahali ambapo mfanyakazi ana zamu yake ya maji. Inanisumbua pale ambapo mmoja anapiga nyundo na mwingine anahamia.

Basi tuje kwako. Ukumbuke kwanza kwamba hela ya mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo ni mkopo kama bumu lingine, utaulipa. Yaani unakopa ili ukafanye kazi bure, jambo ambalo hata wale wa hemani hawajalifikia. Ile ofisi ya Mikocheni inayotaka uchore vyoo na ngazi kwa wiki nane "kwa ajili ya CV", waulize swali moja tu: kabla sijaja, kazi hii alikuwa anaifanya nani? Wakisema kulikuwa na mchoraji ameondoka, wewe ndiye mchoraji, waambie wakupe nauli na chakula cha mchana angalau, na jina lako liwe kwenye michoro. Wakinuna, achana nao.

Yule mhandisi wa Same aliyekwambia hana posho ila utakaa kwa shangazi na kushinda naye saiti, mimi ningemfuata. Anakarabati zahanati ya matofali ya udongo, atakusainia kitabu cha kumbukumbu mwenyewe, na umesema hajaajiri mtu kabla yako kwa sababu hana uwezo. Utatoka unajua lipu. Mwulize tu kuhusu viatu vya saiti na kofia ngumu, asipokuwa navyo nitakutumia hela. Usipande jukwaa na ndala.

Nipigie kabla ya Ijumaa uliyopewa ya kujibu. Saa kumi na mbili jioni kwako ni saa tatu asubuhi kwangu, nitakuwa sijaingia darasani.

Dada yako