Sanduku Dogo la Njiani

Mwaka jana familia yetu ilitoka Kambove mpaka Bagamoyo, kwenye pwani ya Tanzania, kwa motokari. Ni zaidi ya kilometa 2.000: Likasi, Lubumbashi, Kasumbalesa, Zambia, halafu Tunduma mpaka baharini. Watoto wanne ndani ya gari, makelele haiishi. Basi mama yao akaleta mchezo.

Mchezo huu ulianza Marekani. Tarehe 2 Mei 2000 serikali yao ilifungua alama za setelite, ili kila mtu ajue vizuri mahali anaposimama. Kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo porini, akatangaza hesabu za mahali pale. Mwenye kuipata anaandika jina lake. Akitwaa kitu, anaacha kingine. Sisi tulifanya vivyo hivyo: kila tulipolala, mama alificha sanduku la plastiki, na watoto wakalitafuta kwa simu na ramani.

Mkubwa wao, mwenye miaka 17, alikaa pembeni. Alitaka kuacha masomo aende kuchimba. «Papa, mawe iko chini ya miguu yetu. Masomo ya nini?»

Kule Bagamoyo tulifika kwenye misioni iliyoanzishwa mwaka 1868. Mwezi wa pili 1874 mwili wa Livingstone ulifikishwa pale. Chuma, Susi na wenzao waliubeba tangu Chitambo, ndani ya Zambia ya leo. Tulipita upande ule tukilalamika juu ya joto. Wao walitembea kwa miguu miezi mingi.

Ndipo nikamwambia kijana habari yetu wenyewe. Mwaka 1891 Kapiteni Stairs alianza safari Bagamoyo na watu zaidi ya 300. Alitumwa kwa faida ya Mfalme Leopold II. Mwezi wa 12 alifika Bunkeya, akamtaka Mwami Msiri akubali bendera ya Leopold. Msiri alikataa, akauawa tarehe 20. Hivyo nchi yenye shaba ikaingia mikononi mwa wageni. Stairs hakuja na jembe la kuchimba. Alikuja na bunduki, na karatasi za mapatano.

Kijana alinyamaza sana. Halafu akauliza: «Papa, wao balitoka huku bakafika Bunkeya. Mimi sijafika hata siku moja?»

Jioni ile alichukua simu, akawaongoza wadogo zake mpaka kwenye sanduku. Mwezi wa 9 alirudi masomoni. Likizo inayokuja tutaenda Bunkeya, na yeye ndiye atakayesoma ramani.

Wazazi, mchezo huu hauombi franka nyingi. Fichieni watoto sanduku uani, au kwenye kiwanja cha kanisa kwa ruhusa ya pasta. Msifiche karibu na mashimo ya migodi, wala msichimbe penye majengo ya wazee. Na vijana, mwenye kuketi juu ya mali bila kujua kusoma, wengine watamsomea.