Njia ya Kandokando ya Ziwa: Toka Bujumbura Mupaka Nyanza-Lac

Ndugu musomaji, sisi wa miji ya migodi tumezoea njia za vumbi na makamio yanayobeba mawe ya shaba. Leo nataka nikupeleke kwa njia ingine, ile inayofuata ziwa Tanganyika katika inchi ya Burundi, toka Bujumbura mupaka Nyanza-Lac. Ni kilometa karibu 125. Niliipita katika mwezi wa 6 mwaka 2024, pamoja na rafiki yangu mumoja mwalimu. Hatukuenda kutembea bure. Mama yake mudogo anakaa Rumonge, karibu sana na ziwa, na maji yalikuwa yamepanda.

Ukitoka Bujumbura kwenda kusini, milima iko kushoto na ziwa liko kuume. Njia inajibana katikati. Kisha kilometa karibu 12 unafika Mugere, pahali penye jiwe kubwa lililoandikwa majina ya Livingstone na Stanley. Walilala hapo tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 1871. Watu wengine wanasema ndipo walikutana mara ya kwanza. Hapana! Walikutana Ujiji, katika Tanzania ya leo. Kisha wakapanda mutumbwi, wakaenda kaskazini kuangalia kama muto Rusizi unaingia ziwani ao unatoka. Wakaona unaingia.

Shika neno hilo, musomaji, maana ndilo linafasiria mambo tuliyoyaona mbele. Mito mingi inaingia katika Tanganyika, lakini muto wa kutoka ni mumoja tu: Lukuga, kule kwetu Kalemie, unaopeleka maji katika Lualaba. Mvua ikizidi, maji yanakuja kwa milango mingi na yanatoka kwa mulango mumoja. Ziwa linapanda, na halishuki upesi. Mwaka ule wa 2024 tuliona nyumba zenye maji mupaka madirishani, na minazi na migazi imesimama ndani ya ziwa.

Mulima nao hautulii. Pale Gitaza, katika mwezi wa 3 mwaka 2015, mvua iliangusha udongo na mawe juu ya nyumba na njia. Watu walikufa, na njia ikakatika. Wakaaji wa pale wanaogopa pande zote mbili.

Rumonge iko kilometa karibu 75 toka Bujumbura. Ni muji wa migazi na samaki. Utasikia harufu ya mawese mbele ya kuona soko. Hewa ikiwa safi, unaona ngambo milima ya Ubwari, upande wa Fizi, na moyo unakumbuka kwetu. Kiswahili kinasikilika kila pahali.

Jioni wavuvi wanaingia ziwani na taa. Mwangaza unavuta ndagala, kisha wavu unapandishwa toka chini. Mwezi ukiwa mukubwa wanapumzika, sababu samaki hawafuati tena taa. Asubuhi wamama wananunua na kuanika. Wengine wanaanika juu ya muchanga, wengine juu ya vitanda vya waya. Mama musomaji, ukinunua ndagala sokoni, ziguse kwanza: zile za waya hazilii muchanga katika meno.

Tulimukuta mama yule anageuza ndagala zake. Maji yalikuwa hatua kumi toka mulango wake. Rafiki yangu akamwambia:

—Mama mudogo, tumekuja kukuhamisha.

Akajibu bila kuacha kazi:

—Mutoto wangu, ukinipeleka kule juu ya mulima, nitaanika nini? Mawe?

Tukanyamaza. Ziwa lililotaka kukamata nyumba yake ndilo lilimulisha na kusomesha watoto wake. Tuliongea mupaka usiku. Mwisho akakubali kulala kwa binti yake, ngambo ya njia kubwa, na vyombo vyake vihamishwe. Vitanda vya waya vikabaki pale pale. Kesho yake tulibeba vyungu, mikeka na mashini yake ya kushona.

Kisha tukaendelea kilometa karibu 50 mupaka Nyanza-Lac. Muji ni mudogo, ndizi ni nyingi, mikeke ya kuchoma ni tamu sana. Kule njia inaacha ziwa na kupanda kwenda Mabanda na mupaka wa Tanzania.

Ukiwa na ndugu anayekaa kando ya ziwa ao chini ya mulima, usingoje habari mbaya ikufikie. Mutembelee mbele ya mvua. Na ukitaka ahame, muulize kwanza atakula nini kule unakomupeleka.