Barua zilikuwa na haraka gani?

Wasee, kuna stori imenikalia kichwani wiki nzima.

Juni 1930, rubani Mfaransa Henri Guillaumet alikuwa anavusha barua kutoka Chile hadi Argentina, juu ya milima ya Andes. Alikuwa peke yake, ndege ya injini moja, na kule Juni ni msimu wa baridi kali. Dhoruba ikamshusha, ndege ikapinduka kwenye theluji. Akatembea siku 5 bila kulala, juu angelala hangeamka.

Kilichonimaliza ni hiki. Kuna mahali alianguka akataka kubaki hapo tu. Halafu akakumbuka bima. Mwili usipopatikana, mkewe angengoja miaka 4 ndio alipwe. Akainuka ili angalau maiti yake ionekane. Hivyo ndivyo alipona.

Watu husimulia hii kama hadithi ya ujasiri. Sawa, jamaa alikuwa jasiri. Lakini mbona hatuulizi barua zilikuwa na haraka gani? Kampuni yake, Aéropostale, ilikuwa inashindana na meli na treni. Ndege ikilala usiku, faida ya mchana inapotea. Ndio maana mwaka 1928 mwenzake Jean Mermoz alianza kupaa gizani. 1936 Mermoz alipotelea Atlantiki, na hakupatikana tena.

Siku hizi nikisikia mtu anasifiwa kwa kuhatarisha maisha ndio mzigo ufike, sipigi makofi haraka. Kwanza nauliza: nani alimtuma, na familia yake ingelipwa lini?