Umekitoa Wapi? Kisukuku cha Charmouth na Ukuta wa Mbweni

Kisukuku changu cha kwanza nilikiokota Uingereza, ufukwe wa Charmouth, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Februari. Kilikuwa kidogo kama kifungo cha kanzu, rangi ya dhahabu iliyofubaa, kimejiviringa kama konokono. Mzee mmoja aliyekuwa ameinama karibu yangu akaniuliza, "Umekitoa wapi?" Mimi nilitaka kujua ni nini, yeye alitaka kujua mahali.

Katika kituo cha turathi kilichopo hapo ufukweni nikaelezwa kwamba ni amonaiti, mnyama wa baharini wa ukoo wa pweza na ngisi, aliyeishi karibu miaka milioni 190 iliyopita. Gamba lake lilijazwa madini ya chuma na salfa, ndiyo maana linang'aa. Nikapewa na masharti: okota kilicholala ufukweni, usichimbe jabali, na ukipata kitu adimu kiandikishwe. Kwa wenzetu hii ni starehe ya Jumapili, watoto na vikongwe wamo. Jirani hapo, Lyme Regis, ndiko alikozaliwa Mary Anning, binti wa seremala, ambaye pamoja na kaka yake walifukua mifupa ya iktiosauri, mnyama mkubwa wa baharini, mwaka 1811 na 1812. Binti huyo alikuwa na umri wa miaka 12 tu.

Niliporudi likizo Unguja, nilikwenda na kisukuku changu ndani ya kijaluba hadi Mbweni kwa ami yangu, fundi muashi aliyekwishastaafu. Baada ya shikamoo na marahaba, nikamfungulia. Akakigeuza kiganjani, akacheka. "Hiki ndicho ulichokivukia bahari, mwanangu? Hebu njoo."

Akanipeleka uani, kwenye ukuta wa zamani usio na lipu, akaumwagia kata ya maji. Jiwe lilipolowa, kile nilichokiona miaka yote kuwa ni mikwaruzo kikajitokeza: vijumba vya pembe nyingi, kila kimoja upana wa ncha ya kidole cha mwisho, vimepangana kama sega la nyuki, na ndani ya kila kijumba miale myembamba imeelekea katikati. Tumbawe! Pembeni yake kombe lenye matuta matuta, nusu limezama ndani ya jiwe. Ukuta huo nilikuwa nikiuegemezea baiskeli.

Lakini pwani yetu imejaa makombe. Utajuaje cha kale na kilichokufa juzi? Ami alinifundisha kama anavyomfundisha mtoto wa kazi. Tumbawe lililokatwa baharini ni jepesi, lina matundu, na huchongwa likiwa bado bichi. Jiwe lililochimbwa nchi kavu ni zito, matundu yameziba, na ukilivunja humetameta kama sukari. Wanajiolojia wangemuunga mkono: maji ya mvua huyeyusha chokaa na kuigandisha upya, na kwa maelfu ya miaka mwamba wa bahari ukageuka jiwe la uwanda. Kwa Unguja mwamba huo huwekwa katika zama za Pleistosini, zilizokwisha miaka 11,700 iliyopita. Nilijaribu na ndimu pia, likatoa povu. Lakini hata kombe la jana hutoa povu. Ndimu inakwambia kuna chokaa, umri haikwambii.

Basi sisi tunakaa ndani ya visukuku. Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe hayo hayo. Mengine tumeyaponda kokoto, mengine tumeyachoma chokaa, na simlaumu mtu, maana nyumba lazima zijengwe. Nilipomuuliza ami, "Jiwe hili lilichimbwa shimo gani?" alinyamaza kidogo. "Aliyejenga alishakufa, mwanangu. Nani angeuliza?"

Hapo ndipo tunapoachana na wenzetu. Macho ya kutambua jiwe tunayo, pengine kuwashinda. Daftari ndilo hatuna. Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, mafundi wetu wakiongozwa na Boheti bin Amrani walifukua mifupa ya dinosaria ambayo leo imesimama Berlin, kimo cha zaidi ya mita 13. Kazi ilikuwa ya mikono yetu, maandishi yakawa ya wengine. Na pango la Kuumbi, Jambiani, limetoa mifupa ya punda milia, ushahidi kwamba kisiwa hiki kiliwahi kuungana na bara. Mifupa hiyo inasema hivyo kwa sababu waliochimba waliandika kila mmoja ulitoka tabaka gani.

Kwa hiyo, wewe unayerudi nyumbani msimu huu, ukiliona jiwe lenye sega au kombe, usiligonge nyundo wala usilitie sandukuni. Weka sarafu kando yake lionekane ukubwa, lipige picha, andika mahali na siku, kisha waulize Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Na kabla hujaondoka, mkalishe fundi mmoja mzee umuulize mashimo ya mawe yalikuwa wapi. La kwetu bado liko ukutani. Ami ameahidi halitapigwa lipu.