Kijiji cha Watembea Kamba

Wahenga walisema tembea uone. Leo jitayarishe tukwee milima ya Caucasus hadi Dagestan, jamhuri iliyo kusini mwa Urusi. Ukitoka Makhachkala, mji mkuu ulio kando ya Bahari ya Caspian, safari ni ya kupanda mlima hadi Wilaya ya Kulinsky. Hapa, na katika wilaya jirani ya Laksky, ndiko chimbuko la Walaki.

Usitarajie mashamba mapana. Miteremko ni mikali, baridi ni ya kutetemesha na ardhi ya kulima ni haba. Ndiposa Walaki wakafuga kondoo, na wanaume wengi wakawa wakitoka vijijini kutafuta riziki kwa ufundi wa shaba, viatu na vito.

Lakini utakapofika kijiji cha Tsovkra, utaachwa kinywa wazi. Kwa vizazi vingi wenyeji wamewafunza wana wao, wa kike na wa kiume, kutembea juu ya kamba iliyotundikwa hewani. Kuna ngano isemayo kwamba vijana walichoka kuzunguka bonde kwenda kuwaona wachumba wao, wakaamua kutandaza kamba kutoka ng'ambo hii hadi ile. Iwe kweli au masimulizi tu, ustadi huo ulikuja kuwapa kazi katika sarakasi za Muungano wa Kisovieti.

Je, wadhani watu hawa ni wageni kabisa kwako? La hasha! Wengi wao ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, sawa na ndugu zetu wa Lamu na Mombasa. Tena lugha yao, kama Kiswahili, zamani iliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mnamo 1928 ikapewa herufi za Kilatini, na 1938 ikaandikwa kwa zile za Kirusi.

Wamepitia machungu pia. Mwaka wa 1944 serikali ya Stalin iliwafukuza Wachecheni kutoka makwao, kisha ikawalazimisha Walaki wengi kuhama milima yao wakaishi katika nyumba za waliofukuzwa. Uhasama uliotokana na tendo hilo ulidumu miaka mingi.

Siku hizi hakuna anayewafukuza, ila vijana huondoka wenyewe kutafuta kazi mijini. Tsovkra imebaki na watu wachache. Kamba ingali ipo, na shuleni watoto bado hufunzwa. Lakini ufundi huu haukai kitabuni, hukaa miguuni mwa mtoto. Mtoto akihama, nao umehama.

Nawe mzazi uishiye mjini, mwanao anajua babu yake alikuwa fundi wa nini? Likizo ijayo mpeleke akamuulize, mzee angali na nguvu za kumwonyesha.