Kutoka Kurasini Hadi Cedar Rapids: Daftari la Msafiri Katika Madarasa ya Uhasibu

CHICAGO

Kwenye kona ya barabara za Lake na Wabash, katikati ya Chicago, treni hupita juu ya vichwa vya watu, na chini ya reli hizo ndipo ulipo mlango wa Harold Washington College. Chuo kinabeba jina la meya wa kwanza mweusi wa jiji hilo, aliyechaguliwa mwaka 1983. Ni kimoja kati ya vyuo saba vya jamii vya Chicago, na masomo ya biashara ndiyo nguvu yake. Nilifika jioni, ofisi zikifungwa, nikakuta watu wanamiminika kuingia: kijana aliyekuwa bado amevaa sare ya duka la vyakula, mama mwenye begi la mtoto begani, mtu wa makamo na kikokotoo mkononi. Wote walikuwa wanakwenda darasani.

Nimefundisha utunzaji wa vitabu vya hesabu Dar es Salaam kwa muda mrefu, na safari hii niliifunga ili nijionee jinsi Wamarekani wanavyomwandaa mhasibu wa ngazi ya kwanza. Jambo la kwanza nililoandika linahusu kupokelewa. Ukiwa na cheti cha sekondari, au cha GED kinacholingana nacho, umepokelewa. Hawakuulizi ulipata daraja gani. Hesabu zako zikionekana zimepata kutu, unapangiwa somo la kuzinoa, kisha unaendelea na wenzako.

Kwetu, anayetaka kuanza astashahada ya uhasibu, iwe Taasisi ya Uhasibu pale Kurasini au Chuo cha Uhasibu kule Njiro, Arusha, anatakiwa awe amefaulu masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini. Kwa aliyefaulu, sharti hilo ni jepesi. Kwa mama mwenye genge pale Mbagala aliyepata masomo matatu, kisha akaolewa, akazaa, akafanya biashara miaka kumi na mitano, sharti hilo ni ukuta. Anajua faida na hasara kwa mwili wake, ila ili aingie darasani ni lazima kwanza arudi kurisiti mtihani wa utotoni.

JOLIET

Kutoka stesheni ya LaSalle Street, treni ya Rock Island inakufikisha Joliet kwa saa moja na ushei. Huku ndiko chuo cha jamii cha umma kilikoanzia. Mwaka 1901, mkuu wa sekondari ya mji, J. Stanley Brown, alikubaliana na William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, kuongeza masomo ya chuo juu ya yale ya sekondari ili vijana wasilazimike kuhama mji. Walianza na wanafunzi sita. Leo Marekani ina vyuo vya jamii vinavyokaribia elfu moja.

Kilichonishika zaidi ni namna chuo hicho kinavyoendeshwa. Wenye nyumba na mashamba wa wilaya ya chuo wanakichangia kupitia kodi ya majengo na ardhi, na wapigakura ndio wanaochagua wajumbe wa bodi. Kwa hiyo mkazi wa wilaya hulipa ada ndogo kuliko mgeni, na bodi ikilegea, wananchi wana pa kuisemea. Juu ya hapo kuna ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, ambayo kwa mwaka wa masomo 2024/25 ilifikia hadi dola 7,395 kwa mwanafunzi asiye na uwezo, na hairudishwi. Kwetu Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka 2023/24, tena kwa kuanzia na fani za kipaumbele kama afya, madini na kilimo. Mwanafunzi wa stashahada ya uhasibu aliendelea kutegemea mfuko wa mzazi.

Masomo yenyewe ni ya krediti 60 hivi, miaka miwili kwa anayesoma kutwa. Yana njia mbili. Moja ni ya kazi: unasoma leja, mishahara, kodi na programu za kompyuta za hesabu, ukimaliza unatafuta ajira. Nyingine ni ya kuhamia: unasoma uhasibu wa fedha na uhasibu wa menejimenti pamoja na hisabati, uchumi na uandishi, kisha unaingia mwaka wa tatu wa chuo kikuu. Hapa pana mtego. Baadhi ya masomo ya njia ya kazi hayapokelewi chuo kikuu, na mwanafunzi anayebadili nia katikati hujikuta analipia upya alichokwisha kukisoma. Washauri wa masomo wanalirudia kila mara: uliza mapema chuo unachokilenga kinapokea nini.

Katika hili tumewazidi. Ngazi yetu ya NTA, yaani tuzo za taifa za elimu ya ufundi, ni moja kwa nchi nzima. Nne na tano ni astashahada, sita stashahada, saba na nane shahada, na aliyemaliza Mtwara anaeleweka Mwanza bila mjadala. Ngazi tunayo imara. Tatizo letu ni kipandio cha kwanza kuwa juu mno.

CEDAR RAPIDS

Iowa ni nchi ya mahindi, na Cedar Rapids ni mji unaonukia shayiri ya kiwanda cha Quaker. Wakongo ni wengi hapa. Dukani na kanisani utasikia Kiswahili cha Bukavu na Uvira. Upande wa kusini mwa mji kuna Kirkwood, chuo cha jamii kilichoanzishwa mwaka 1966.

Mwenyeji wangu alinikutanisha na mama mmoja wa Bukavu anayefanya kazi kiwandani mchana na kusoma uhasibu usiku. Aliweka daftari lake mezani, katikati ya vikombe vya chai.

“Papa, ku Bukavu nilikuwa najua makonti yote kwa numero,” aliniambia. “Hata uniamshe usiku: 52 ni banki, 57 ni kese, 60 ni manunuzi, 70 ni mauzo.”

Namba hizo hakuzitunga mwajiri wake. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, jumuiya ya sheria za biashara ya nchi ambazo nyingi zinatumia Kifaransa, na katika mfumo wake wa uhasibu orodha ya akaunti imewekwa na sheria. Darasa la 1 ni mtaji na mikopo ya muda mrefu, la 2 mali za kudumu, la 3 stoki, la 4 wadai na wadaiwa, la 5 fedha, la 6 gharama, la 7 mapato. Kutoka Dakar hadi Lubumbashi, 57 ni sanduku la fedha taslimu. Marekani haina orodha ya taifa. Kila kampuni inajipangia namba zake, na mwanafunzi anafundishwa kuuliza: hii akaunti ni ya aina gani, na inaongezeka upande gani?

Akanionyesha zoezi la usiku uliopita. Kampuni imelipa bima ya mwaka mzima, dola 2,400, tarehe mosi Januari. Mwisho wa mwezi unaandika nini? Mwandiko wake ulikuwa umenyooka: debiti gharama ya bima 200, krediti bima iliyolipwa kabla 200. “Ile ya Bukavu na hii ni kitu kimoja,” alisema. “Nimebadilisha luga tu.” Nilimwamini, kwa sababu kanuni ya pande mbili haijui mpaka. Aliyeielewa Bukavu ameielewa Iowa.

Mazoea ndiyo yanayotofautiana. Mizania aliyoichora ilianza na fedha taslimu, ikafuata wadaiwa, stoki, na mwisho kabisa jengo, kwa mpangilio wa kinachogeuka pesa haraka. Mizania nyingi nilizozoea Dar es Salaam huanza na majengo na mitambo, fedha zikaja chini. Tofauti nyingine inagusa faida yenyewe. Chukua mfanyabiashara aliyenunua magunia matatu ya mahindi, la kwanza kwa dola 10, la pili 12, la tatu 15, kisha akauza moja kwa dola 20. Akihesabu kwamba limetoka la kwanza, amepata faida ya dola 10. Akihesabu kwamba limetoka la mwisho, faida ni dola 5, na kodi inapungua. Marekani inaruhusu njia zote mbili. Viwango vya kimataifa vinaikataa hiyo ya pili, na sisi tuko chini ya viwango hivyo tangu Julai 2004. Kenya ilitutangulia mwaka 1999. Mhasibu wa Afrika Mashariki anayekwenda Marekani na asijue tofauti hii atasoma faida ya kampuni visivyo.

MSIMU WA KODI

Kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Aprili 15, Wamarekani wanajaza ritani za kodi ya mapato. Mamlaka yao ya kodi ina mpango uitwao VITA: watu wa kujitolea, wakiwemo wanafunzi wa uhasibu wa vyuo vya jamii, wanafanya mtihani, wakifaulu wanaruhusiwa kuwajazia ritani bure watu wa kipato kidogo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakaa uso kwa uso na dereva wa lori mwenye watoto watatu, anasoma karatasi ya mshahara wake, anamuuliza anaishi na nani, anamtafutia nafuu ambayo sheria imempa. Kosa lake lina mwenyewe, kwa hiyo anajifunza uangalifu ambao hakuna mtihani wa darasani unaoufundisha.

Wanafunzi wetu wanakwenda field, yaani mafunzo kwa vitendo, na utaratibu huo ni mzuri kwa kuwa ni sehemu ya masomo. Lakini nimewasikia wengi wakirudi na kusema walishindia kutoa fotokopi na kupanga mafaili. Nikiwa Marekani nilifikiria sheria yetu wenyewe ya kodi. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya shilingi milioni 6 kwa mwaka, asiyetunza kumbukumbu, alitakiwa kulipa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani shilingi 60,000. Daftari likiandikwa vizuri lilimwokolea shilingi 40,000. Mwanafunzi wa stashahada aliyekaa wiki nane Kariakoo au Tandale angeweza kuwaandikia wengi madaftari hayo, na akatoka fundi.

LESENI

Kileleni kuna CPA, cheo cha mhasibu mwenye leseni, ambacho New York ilikitungia sheria mwaka 1896. Kwa miaka mingi majimbo yamedai shahada ya kwanza na jumla ya krediti 150, ambazo ni mwaka mzima zaidi ya shahada. Januari 2025 gavana wa Ohio alitia saini sheria ya kuongeza njia nyingine, ya shahada pamoja na miaka miwili ya kazi, na majimbo mengine yanafuata. Bado shahada ni lazima. Aliyeishia chuo cha jamii huwa karani wa hesabu, na pengo lina bei: Mei 2024 mshahara wa kati wa makarani hao ulikuwa dola 49,210 kwa mwaka, wa wahasibu na wakaguzi dola 81,680. Serikali yao inatarajia nafasi za makarani zipungue, maana programu zinajiandikia zenyewe maingizo mengi.

Bodi yetu ya wahasibu na wakaguzi, NBAA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, ina mitihani ya mafundi uhasibu, na anayeifaulu anaweza kuendelea ngazi kwa ngazi hadi CPA bila kupitia chuo kikuu. KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu ya Kenya, nayo ina njia kama hiyo. Huu ni utajiri ambao Mmarekani wa Joliet hana, na tunauficha kwa kumwambia kila kijana kwamba bila digrii hakuna uhasibu.

NYUMBANI

Hatuhitaji kujenga vyuo vya jamii vipya. Tunavyo zaidi ya 50: Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, vikaigwa kutoka Sweden na kutawanywa wilayani kwa ajili ya watu wazima. Vinafundisha ushonaji, useremala, umeme na kilimo, na vimekwisha kuwafungulia milango wasichana waliokatishwa masomo.

Viongezewe darasa la jioni la utunzaji wa vitabu. Aingie yeyote anayejua kusoma, kuandika na kujumlisha, aliyepungukiwa anolewe kwanza, na moduli anazofaulu zihesabiwe katika NTA ngazi ya nne bila kurudishwa kidato cha nne. Mazoezi yake yawe madaftari halisi ya wauza nafaka na mafundi wa mtaa wake, chini ya jicho la mwalimu. Atakayetaka kusonga mbele, ngazi ya NBAA ipo. Atakayebaki wilayani atakuwa amepata kazi, na wafanyabiashara wa wilaya hiyo watakaa mbele ya ofisa wa kodi wakiwa na takwimu zao wenyewe, badala ya kungoja kukadiriwa.